Tulivyopiga Kambi Bila Kufiwa

Nisimsikie tena mtu akisema ati kupiga kambi ni mambo ya wazungu. Kama yupo, asimame hapa mbele yangu aseme, nimwone vizuri. Mimi ni Mama Wakesho wa Mraru. Umri wangu wote wa kazi umeishia katika kambi ya msitu wa serikali kando ya mto Voi, nikionyesha watu mahali pa kusimamisha hema, nikichemsha maji ya kuoga katika pipa, nikifukuza nyani, nikiokota taka za watu wenye vyeo vyao. Nimestaafu, magoti yamechoka, lakini mdomo haujastaafu. Kwa hivyo nyinyi vijana mnaopita pale juu kila siku mkienda Taveta, masikio mmeyaziba kwa muziki, hebu toeni hivyo vitu kidogo mnisikize.

Pahali penyewe mnapajua ingawa wengi wenu hamjawahi kuingia. Ukiacha lami unashuka kwenye vumbi jekundu, miiba huku na huku, jua linakupiga utosini, halafu ghafla miti inabadilika. Mikuyu mikubwa, mikoma, kivuli hadi unatafuta sweta. Mto wenyewe miezi mingi ni mchanga tu. Mgeni akiuona ule mchanga, mweupe, laini, umelala sawasawa, anaweka mzigo chini anasema hapa ndipo pangu. Nami nilikuwa nasema, ng'o, hapa si pako, beba.

Aliyenifundisha hayo ni Mzee Maghanga, aliyeitunza kambi hiyo kabla yangu. Alikuwa mtu mfupi, mchache wa maneno, na kofia yake ya sufu haikutoka kichwani hata kwa joto la Februari. Siku zangu za kwanza aliniambia, "Mwanangu, usiangalie mawingu ya hapa. Ya hapa ni urembo tu. Angalia milima." Nikaitikia "ndiyo mzee" jinsi nyinyi mnavyoitikia, yaani sikio hili linaingiza na lile linatoa. Wiki hiyo hiyo nikafua mablanketi yote ya kambi nikayaanika juu ya mchanga wa mto, maana ulikuwa na joto zuri na hauna miiba. Jua kali, mbingu safi. Huko juu Wundanyi mvua ilikuwa inamwagika, mimi sina habari. Nilisikia sauti kama lori linalokuja, nikageuka kuangalia barabara. Kumbe lori ni mto! Mablanketi ya serikali yalifika Voi mjini kabla yangu. Mzee Maghanga alicheka hadi akakaa chini, kisha akavua viatu akanisaidia kuyatafuta kwenye vichaka, na hakunisema kwa mkubwa yeyote.

Basi shikeni hilo. Hema halipigwi mchangani, hata mto uwe umekauka tangu mwaka jana. Panda ukingo, tafuta pale ambapo nyasi zimesimama wima na hazina takataka za mafuriko zilizonasa. Na ukishapata hapo, angalia juu. Mkuyu ni mti mzuri, lakini ukiwa na matunda mabivu usilale chini yake, maana chakula hicho kina wenyewe, na wenyewe ni tumbili, popo na ndovu. Lala pembeni kidogo, kivuli kitakufuata.

Na machungwa! Mungu wangu, machungwa. Kuna mwalimu mmoja wa kizungu alikuja na mke wake, watu wazuri, wapole. Nikawauliza kama wana matunda, wakasema hapana. Kumbe wao kwao chungwa halihesabiwi kuwa tunda mpaka liwekwe mezani, sijui. Walikuwa na mfuko mzima ndani ya hema. Mchana, watu wamejinyoosha vitini, ndovu dume akatoka kwenye mikoma, taratibu, hana wasiwasi, akaenda moja kwa moja kwenye lile hema kati ya hema zote. Aliingiza mkonga mlangoni kwa adabu kabisa. Mlango ukawa mdogo, basi akalivaa hema lote. Tulibaki tukiangalia turubai la kijivu linatembea likitafuna. Mwalimu akaniuliza, "Mama, sasa nifanyeje?" Nikamwambia ngoja amalize.

Hema za siku zile zilikuwa za turubai nzito, vigingi vya mti, nyundo ya mti, na watu wawili wa kushikilia nguzo huku wanagombana. Ndoa nyingi nimeziona zikitetereka pale kwenye nguzo. Siku hizi mtu anarusha kitu kama sinia hewani, kinatua chini kikiwa nyumba. Lakini jaribuni kukirudisha kwenye mfuko wake! Nimewaona wanaume wazima wakikikalia. Na zamani mgeni alikuwa akiuliza choo kiko wapi. Sasa anauliza chaji iko wapi, choo atakitafuta baadaye.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nianze kusema.

Nilikuwa nimeshastaafu. Nafuga kuku wangu, nimetulia. Asubuhi moja akaja Juma, askari wa geti la kambi, mtu tuliyefanya naye kazi tangu akiwa kijana. Hakutaka hata chai, nikajua kuna neno. Akasema, "Mama, wanataka kuifunga kambi. Kuna mwekezaji. Ukingo wote utawekwa ua wa waya, kutajengwa hoteli. Jumamosi anakuja mkubwa kutoka makao makuu kuangalia, akikuta pako tupu kama kawaida, basi imekwisha."

Niliumia. Sitaki kuwaficha, niliumia kama mtu aliyepigwa. Wakesho wangu alijifunza kutembea kwenye kile kivuli, akishika mizizi ya mkuyu. Nilijifunga leso yangu kiunoni nikaenda moja kwa moja kwa meneja.

Meneja ni kijana, ana heshima zake, alinivutia kiti. Nikamwambia, "Mwanangu, nimesikia. Kwa nini?"

"Mama Wakesho, ni uamuzi wa juu. Lakini hata mimi nikiulizwa nitasema nini? Kambi ni ya wananchi, na wananchi hawaji. Wageni wamepungua, na wenyeji hawapigi kambi. Kwa wenyeji hema ni la harusi na matanga. Si nasema ukweli?"

Lililoniuma zaidi ni hilo, kwamba alisema kweli. Nyinyi mnatujua. Sisi Wadawida wa Taita tukilala nje tumefiwa. Turubai linafungwa uani, wanaume wanazunguka moto, akina mama wanajaza nyumba na mikeka, majirani wanaleta kuni na sukari na majani ya chai, na hakuna anayerudi kwake mpaka marehemu azikwe. Ukimwona mtu wetu amelala nje kwa hiari yake, na hakuna aliyekufa, unaanza kuuliza kama yuko sawa kichwani. Mimi mwenyewe, miaka yote ile nikipigia watu hema, sikuwahi kulala ndani ya hata moja. Kuna mgeni aliniachia hema la kijani, zawadi, zima kabisa. Lilikaa chini ya kitanda changu pamoja na viatu vya marehemu mume wangu.

Nikatoka kwa meneja nimekunja uso. Njiani nikawa nasema peke yangu, watu wananiangalia. Nani aliwaambia mto ni wa anayelala tu? Na kama ni kulala, si tulale! Ebo!

Nikaenda kwa Mama Mshai. Huyu ndiye mwenyekiti wa kikundi chetu cha akina mama kanisani, na ndiye anayetunza turubai la kanisa na zile sufuria kubwa. Nilimkuta anapepeta mbaazi.

"Mama Mshai, Ijumaa nataka tukalale mtoni. Kikundi chote."

Akaacha kupepeta. "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Tukalale nje na hakuna aliyekufa?"

"Tupige kambi. Kama wageni."

"Mama Wakesho, kwa umri wetu huu, ukitandika mkeka wa matanga bila maiti, si unamwita huyo maiti aje? Mimi simo."

Nikamweleza. Nikamwambia habari ya mwekezaji, ua wa waya, na mkubwa anayekuja Jumamosi. Nikamwambia, "Wajukuu zako watauchungulia mto wao kupitia waya, waulizwe wanatafuta nini." Bado alikuwa anatikisa kichwa. Halafu nikamwambia alivyosema meneja.

Akaweka ungo chini. "Wanasema sisi hatupigi kambi?"

"Wanasema."

"Wametuuliza?"

"Nani atuulize?"

Akafuta mikono kwenye leso, kidole kimoja kimoja. "Nitaleta sufuria. Lakini sikiza. Hakuna mtu kuvaa nguo nyeusi, na kusiimbwe wimbo wa huzuni hata mmoja. Nikisikia mtu anaanza ule wa kwaheri, nafunga virago."

Ijumaa tukapakia pikapu ya mdogo wake Mama Mshai. Turubai, mikeka, vikombe vya plastiki, magunia ya viazi na maharagwe ya kuponda kimanga, na zile sufuria. Hapo ndipo hatukufikiri. Hizo sufuria, kutoka Mraru hadi Mwatate, kila mtu anazijua. Hazitoki stoo ya kanisa ila mtu amekufa. Tulipita nazo barabarani mchana kweupe, zimepangwa juu zinang'aa, sisi wanawake nyuma yake tumekaa kimya kwa sababu ya vumbi. Watu wa stendi walisimama. Mwanamume mmoja akavua kofia. Nikampungia mkono, nikadhani ananisalimia.

Kambini Juma akafungua geti, meno yote nje. Tukapiga. Niliwaonyesha akina mama jinsi ya kusoma ukingo, jinsi ya kuweka mlango upande usiotoka upepo, jinsi ya kuzungushia majivu siafu wasipite. Walikuwa wanacheka wakigongana vichwa ndani ya hema. Halafu nikatoa lile la kijani. Nilivyolifunga kamba ya mwisho nikaingia, nikajilaza kidogo tu kuonja. Jua lilikuwa linapenya kitambaa, kila kitu kijani, mikono yangu kijani. Nililia. Si kwa huzuni. Nilijionea huruma kwa kuwa mlinda mlango wa raha hiyo miaka yote hiyo na sikuwahi kuingia.

Nilipotoka nikifuta macho, nikaona watu wanashuka kutoka getini. Mstari mrefu. Mbele wanawake na kuni kichwani, nyuma wanaume wameshika kofia mkononi. Waliponiona na macho mekundu, wakaanza: "Pole, mama. Pole sana. Jamani, pole."

"Pole ya nini?" nikauliza, lakini nani anasikia? Mzee Mwakio, mzee wa kanisa letu, alikuwa ameshafumba macho ameinua mkono. Nyinyi mnamjua, akishaanza kuomba hata treni inasubiri. "Baba uliye mbinguni, tunakuja mbele zako tukiwa na majonzi makubwa kwa kuondokewa na ndugu yetu mpendwa..." Akasita. Akafungua jicho moja. "Ndugu yetu nani?"

Nyuma yangu nikasikia Mama Mshai anasema, "Nilikuambia mimi."

Katikati ya hapo akafika Bi Zainabu, mama wa mahamri wa Voi mjini, na dada zake wawili, mabuibui yamejaa vumbi, wamebeba beseni limefunikwa. Akanishika mikono yote miwili. "Poleni mwaya. Tumesikia tukiwa sokoni. Mshazika au bado?"

"Bi Zainabu," nikasema, "hakuna msiba. Tumekuja kupiga kambi."

Weee! Mlipuko wa pale sitausahau. Wengine walicheka, lakini wengi walikasirika, na walikuwa na haki. Mwanamume mmoja alikuwa ameacha kibarua chake. Mzee Mwakio alisema huu ni mzaha na kifo, na akaniangalia kana kwamba nimemchapa mbele ya watoto. "Mama Wakesho, wewe mtu mzima! Mtu anafanyaje matanga ya burudani?"

Nami nikawaka. Nikapanda juu ya jiwe la kuanikia nikawaambia, "Nisikizeni kwanza, mtakasirika baadaye! Kesho anakuja mtu kuangalia kama mto huu una wenyewe. Akikuta hakuna mtu, utafungwa, na hamtauona tena mpaka muwe na nguo za hoteli. Wamesema sisi hatujui kulala hapa. Sisi! Watu ambao tunaweza kulisha kijiji kizima nje, siku nne, bila kuambiwa nani alete nini! Nani anajua kulala nje kuliko sisi? Tofauti ni kwamba tunangoja mtu afe ndiyo tukae pamoja. Mimi nimechoka kungoja!"

Hakuna aliyepiga makofi, msidhani ni sinema. Walitazamana tu. Aliyekata maneno ni Mama Mshai, na hakutumia hotuba. Alinyoosha kidole kwenye mizigo ya kuni iliyotuliwa chini. "Haya. Nani anarudi na kuni zake?"

Mnajua maana yake. Kwetu kuni zikishapelekwa matangani hazirudi nyumbani. Ukizirudisha, unarudi na msiba wenyewe umeubeba kichwani. Na hata kama hakukuwa na msiba, zilikuwa zimetuliwa kwa nia hiyo, na pale hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kujaribu. Mzee Mwakio aliziangalia zake kwa muda. Mwishowe akavua koti, akaliangika kwenye tawi. "Basi ziwashwe," akasema. "Zikiisha tutaondoka."

Zilikuwa kuni nyingi sana, jamani. Watu wetu hawabanii msiba.

Ndipo pua yangu ikaniambia kuna jambo. Nikageuka, namwona kijana mmoja wa Taveta, naye kaja na waombolezaji, anateremsha gunia la machungwa. Nikapiga ukelele hadi nyani wote wakakimbia. "Hakuna chungwa linalolala hapa!" Nikawasimamisha wote, waombolezaji na wapiga kambi, wakubwa kwa wadogo, tukayala pale pale. Bi Zainabu alikula mpaka akasema tumbo linamchemka. Mzee Mwakio alikuwa anakamua la mwisho bado amekunja uso, juisi inamtiririka kidevuni. Maganda yote yakapanda pikapu yakaenda zake Voi kabla jua halijazama. Ndovu walikuja, ndiyo, tuliwasikia kwenye mikoma upande wa pili. Walinusa, hawakuona faida, wakaondoka.

Asubuhi yake kambi ilikuwa imejaa hadi ukingoni. Mashuka yameanikwa kwenye kamba. Wanaume wanacheza drafti kwa vifuniko vya soda na Mzee Mwakio anawashinda. Bi Zainabu na Mama Mshai wako kwenye sufuria wanabishana kama kimanga kinataka nazi. Watoto wako mchangani, na juu ya ukingo nimeweka mtu wa kuangalia milima.

Gari la mkubwa likashuka, meneja pembeni yake. Wakasimama. Yule mkubwa aliangalia turubai, akaangalia sufuria, akaangalia moto na wazee waliouzunguka. Alikuwa mtu aliyelelewa vizuri, niseme ukweli. Alivua kofia yake, akaja kwangu taratibu, akaniinamia kidogo.

"Poleni sana, mama," akasema. "Hatukujua. Nani amefariki?"

Meneja alianza kusema kitu, nikamzuia kwa mkono. Hata drafti ilisimama.

"Bado," nikamwambia, nikimwonyesha mto kwa kidevu. "Tumekuja kukaa naye ndiyo asife."

Aliuangalia mto, kisha akaketi kwenye mkeka, na Mama Mshai akamletea kimanga. Alikula akamaliza. Kabla hajaondoka alimwuliza meneja, mbele yetu, "Hawa ndio wasiopiga kambi?"

Nguzo za ule ua, walizokuwa wameshazileta, bado ziko pale getini, mtaziona, zimelala kwenye nyasi na mijusi wanaota jua juu yake. Hakuna aliyetuambia kama zitasimamishwa au zitaondolewa. Basi hatungoji kuambiwa. Kila shule zikifungwa tunashuka, na sufuria zile zikipita barabarani siku hizi watu wanauliza kwanza: msiba au mto? Ikiwa ni mto, wanaleta kuni vilevile.

Kwa hivyo nyinyi, mkisema hamna pa kwenda likizo, msinichekeshe. Njooni. Msilete machungwa. Msipige mchangani. Mkinitafuta, niko kwenye hema la kijani, kando ya mkuyu, si chini yake. Na hao wenye nguzo wakija kuzichimbia, waambieni wasipoteze muda kunitafuta kijijini.